Mtaji Usiohesabiwa Kati ya Nigeria na Afrika Kusini

Uwekezaji wa moja kwa moja kutoka nje, yaani mtaji unaoingia nchini kuanzisha au kumiliki biashara kwa muda mrefu, hutegemea utulivu wa mitaani kwa kiasi ambacho hakuna mkataba wa kibiashara unaoweza kukidhamini. Uhusiano wa Afrika Kusini na Nigeria unalidhihirisha jambo hilo waziwazi. Kampuni ya simu ya MTN iliingia Nigeria mwaka 2001 baada ya kulipia leseni dola milioni 285, na soko hilo likaja kuwa kubwa kuliko masoko yake mengine yote. Shoprite, yenye maduka makubwa ya vyakula, ikafuata mwaka 2005. Mtaji wa Wanigeria uliokwenda upande wa pili, ukiacha vitega uchumi vichache kama saruji ya Dangote, ulikuwa kwa sehemu kubwa wa watu binafsi wenye saluni, gereji na maduka ya simu, biashara ambazo ni nadra kuingizwa katika takwimu za uwekezaji. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo, kwa kuwa mali isiyohesabiwa huwa pia haina mtetezi.

Mwanzoni mwa Septemba 2019, makundi ya watu yalipora na kuchoma maduka ya wageni katika maeneo ya Johannesburg, Jeppestown na Alexandra yakiwemo, na watu wasiopungua 12 wakauawa, wengi wao wakiwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Hazikupita siku nyingi kabla ya maduka ya Shoprite kuvamiwa jijini Lagos kwa kulipiza kisasi na MTN kulazimika kufunga vituo vyake vya huduma, huku Afrika Kusini ikifunga ubalozi wake kwa muda na Nigeria ikisusia mkutano wa Jukwaa la Uchumi Duniani mjini Cape Town. Fundi aliyechomewa gereji Johannesburg hakufidiwa chochote na kioo kilichovunjwa Lagos. Waliokosa kazi siku hizo walikuwa wauzaji, walinzi na wasambazaji ambao karibu wote ni Wanigeria.

Athari inayodumu zaidi ni ile ambayo wachumi huiita nyongeza ya hatari, yaani faida ya ziada anayoidai mwekezaji kabla ya kuweka fedha mahali anapopatilia shaka. Nyongeza hiyo ikipanda, mradi ulioonekana kuwa na tija huahirishwa kimyakimya, na hasara yake haiandikwi popote. Hata hivyo, ni kosa kuihusisha kila hatua ya mwekezaji kuondoka na ghasia: Shoprite ilipouza biashara yake ya Nigeria mwaka 2021, kushuka kwa thamani ya naira na uhaba wa dola vilikuwa na uzito mkubwa.

Baada ya ghasia hizo za 2019, Rais Ramaphosa wa Afrika Kusini alimtuma mjumbe wake, Jeff Radebe, Abuja kuomba radhi, na Oktoba mwaka huohuo, Rais Buhari wa Nigeria alipozuru Afrika Kusini, nchi hizo zikakubaliana kuunda utaratibu wa kutoa tahadhari mapema. Tahadhari pekee haimrudishii mtu mtaji wake. Afrika Kusini inalo shirika la umma, Sasria, linalotoa bima dhidi ya hasara za ghasia, lakini mhamiaji mwenye duka dogo mara nyingi hana bima yoyote, na akiporwa huanza upya kwa mkopo wa ndugu au hufungasha virago. Kuyaandikisha maduka hayo na kuyafikishia bima hiyo ni kazi inayoweza kuanza bila kusubiri marais wakutane tena.