Vizibo Mezani: Baa ya Kombewa na Sheria za Mtungi

“Oimore, jaduong'.” Baada ya salamu hiyo, kwenye kaunta ya baa ya Kombewa linabaki swali moja tu: moto au baridi? Wazee wengi hupenda moto, yaani chupa iliyotoka kwenye kreti bila kupitia frijini. Mhudumu huipitisha katikati ya nondo za kaunta ikiwa na kizibo chake, akaileta mezani na kuifungua mbele ya macho ya mwenyewe. Kizibo hakitupwi. Hukaa mezani pamoja na wenzake hadi saa ya kulipa, maana mlevi hubishana na mhudumu lakini hawezi kubishana na vizibo.

Nondo ni za wezi, hilo halina fumbo. Ila chupa kufunguliwa mezani ni adabu iliyotangulia baa yenyewe. Kwa Wajaluo, kama kwa jamii nyingi za eneo hili, mwenye pombe alionja kwanza ili mgeni aone kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Mhudumu wa leo haruhusiwi kuonja, basi anafungua.

Kombewa iko Seme, takriban kilomita 40 magharibi mwa Kisumu, kwenye barabara inayochepuka Kisian na kupitia Holo kwenda Ndori na Bondo. Ni mji mdogo wa barabarani: soko, hospitali, maofisi, na kituo cha utafiti kilichoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Baa zake hazijitutumui. Mabati, viti vya plastiki, ukuta wenye rangi za kampuni ya simu, bucha ubavuni. Meza moja huweza kuwa na dereva wa watafiti, mwalimu mstaafu, mvuvi na kijana wa boda boda, na hakuna anayeuliza walikutania wapi.

Kabla ya chupa kulikuwa na kong'o, pombe ya nafaka iliyochachushwa kwa kimea cha wimbi. Mtungi uliwekwa ndani ya duol, kijumba cha mwenye boma, ukatiwa maji ya moto, wazee wakauzunguka. Kila mmoja alikuwa na oseke wake, mrija mrefu wa mmea wenye uwazi ndani na kichujio kidogo nchani cha kuzuia machicha. Hapakuwa na kukaa ovyo. Umri ulikuwa na mahali pake, na kijana aliitwa au hakuitwa.

Duol zimepungua lakini mpangilio haujapotea. Katika baa kuna kiti cha ukutani, kinachotazama mlango, ambacho kijana hakikalii hata kikiwa kitupu. Mtu akiona mkwewe anaingia, humaliza glasi yake kimya kimya na kuhamia uani, au kwenda zake. Baba na mwana hawakai meza moja. Mwana aliye Nairobi ana njia yake: tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 anaweza kutuma pesa kaunta, na mzee akaambiwa tu kwamba chupa zake mbili zimeshalipwa. Hivyo mwana amemnywesha baba, na hakuna aliyemwona mwenzake akinywa.

Serikali nayo haijawahi kukaa mbali na mtungi. Mwaka 1980 sheria ilipiga marufuku chang'aa, na kwa miaka 30 mama pima, muuzaji wake, alipima kinywaji hicho huku sikio likiwa njiani. Sheria ya 2010, ambayo wanywaji waliipa jina la mbunge John Mututho, iliihalalisha kwa masharti, ikazibana na baa pia: siku za kazi mlango ufunguliwe saa kumi na moja jioni, ufungwe saa tano usiku. Kabla ya hapo, mwaka 2004, ilizinduliwa bia ya kegi iitwayo Senator, iliyopunguziwa ushuru ili kuwavuta watu kutoka kwenye chang'aa. Seneta mmoja wa Marekani mwenye asili ya K'ogelo, huko Siaya, alipovuma, wateja wakaanza kuagiza “Obama.” Ushuru uliporudishwa mwaka 2013, mauzo yaliporomoka, na mama pima hakuhitaji kutangaza biashara. Nafuu ilirejea 2015. Mwaka 2019 kiwanda cha bia cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kilifunguliwa upya kwa shilingi bilioni 15, hasa kwa ajili ya kegi hiyo na mtama wake.

Nyimbo za baa ni za benga, na mwanamuziki Daniel Owino Misiani, aliyefariki Kisumu mwaka 2006, bado hapumzishwi. Lakini kinachoonyesha ukoo wa baa na mtungi ni pakruok. Zamani mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi nane, alisimamishwa katikati ya wimbo na mtu aliyetoa sarafu. Mtoaji alijisifu, akawataja rafiki zake, nyumbani kwao na ng'ombe wao, kisha nyuzi zikaendelea. Bendi ya ohangla, muziki wa ngoma, ikija Kombewa, noti huchukua nafasi ya sarafu. Bendi isipokuwepo, mtu hununulia meza nzima, akasimama na kujitaja mwenyewe. Ni ghali kuliko kumlipa mpiga ngoma, na wake nyumbani wana maoni yao kuhusu jambo hilo.

Mwenye baa huishi kwa kalenda isiyochapishwa popote. Mwisho wa mwezi ni wa walimu. Ijumaa ni ya misiba, maiti zinapotolewa mochari kwa mazishi ya Jumamosi, na watu wa mbali huteremka njiani wakiwa na koo kavu. Siku nyingine zote hutawaliwa na mwezi wa angani. Wavuvi wa fuo za Seme huvua omena, yaani dagaa, usiku wa giza, wakiwavuta kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina kazi na mifuko hupungua. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa kisheria, na miezi hiyo ni mirefu kaunta kuliko ziwani.

Ndipo daftari la madeni hutoka chini ya droo. Karibu na saa tano, kufuli likiwa mkononi, mhudumu huhesabu vizibo vilivyobaki mezani na kuandika idadi pembeni mwa jina la ufuo, kwa kuwa mvuvi hapa hujulikana kwa anakotoka. Safu ya tarehe ya kulipa hujazwa neno moja: giza.