Dirisha la Treni ya Mpanda

Abiria atokaye Mpanda kwenda Tabora kwa treni, kupitia Kaliua, hukutana na kero za kila namna: simu ipigayo muziki kwa sauti ya juu, maganda ya karanga miguuni, na yule atemaye makohozi sakafuni. Huyu wa mwisho ndiye akemewaye na behewa zima. Na akemewe, maana ni uchafu. Lakini kwa upande wa kifua kikuu, hatari kubwa haimo sakafuni.

Bakteria wa maradhi hayo, waliotambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, huenea kwa hewa. Mgonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa anapokohoa, hutoa vitone vidogo mno vinavyoweza kuelea kwa saa kadhaa mahali pasipopitisha hewa. Basi abiria nadhifu afungaye dirisha kukwepa vumbi la kiangazi huenda akawadhuru wenzake kuliko huyo mtema makohozi, wala hakuna amkemeaye. Hali ni hiyo hiyo katika zahanati ambamo wagonjwa husubiri kwenye benchi huku madirisha yamefungwa.

Lifunguliwe dirisha, hata nguo zikichafuka. Akohoaye azibe mdomo kwa kitambaa au kiwiko. Nasi tulioketi karibu tusimhame kwa minong'ono, kwani aliyeaibishwa safarini huweza kukificha kikohozi chake hata mbele ya daktari. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili chahitaji kuchunguzwa, na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali.