Kazi ya Hisia katika Maamuzi ya Binadamu

Hisia hutazamwa mara nyingi kama kizuizi cha akili. Husemwa kwamba mtu angeamua vizuri zaidi kama angeweza kuziweka kando hofu, hasira na huzuni. Imani hiyo ina ukweli wake, lakini ni nusu tu ya habari. Mvuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika anayeingiwa na hofu upepo unapobadilika usiku, akageuza mtumbwi kabla hajaweza kueleza sababu, ameamua kwa busara. Hofu yake imebeba uzoefu wa miaka na kuutoa kwa haraka ambayo hesabu haina.

Hata kwa wanyama hisia zina kazi, na zina gharama. Magharibi ya Kalinzi, kijiji cha wakulima wa kahawa mkoani Kigoma, milima inaposhuka hadi ziwani humo, ipo Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Sokwe jike aliyeitwa Flo alifariki mwaka 1972. Mwanawe Flint, mwenye umri wa miaka minane hivi, alikuwa amefika umri wa kujitafutia chakula. Hata hivyo alijitenga, akaacha kula, akadhoofika, na baada ya wiki chache naye akafa. Huzuni hiyo haikumfaa kitu. Lakini mtoto wa sokwe humtegemea mama kwa miaka mingi, na mapenzi yanayomfunga kwake ndiyo yanayomlinda asipotee msituni wala asiliwe na chui. Huzuni ya kifo ni gharama ya kifungo hicho, na kwa Flint gharama ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Kwa binadamu, ushahidi mzito umetoka kwa wagonjwa. Daktari Antonio Damasio, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alimweleza mtu aliyempa jina la Elliot, aliyefanyiwa upasuaji wa uvimbe sehemu ya mbele ya ubongo. Akili yake ilipimwa ikaonekana nzima, na kumbukumbu vilevile, ila hisia zake zilikuwa zimefifia. Aliweza kutaja faida na hasara za kila njia, lakini kuchagua kukamshinda. Alipoteza kazi, akapoteza mali, na ndoa yake ikavunjika. Pasipo hisia, kila jambo kwake lilikuwa na uzito uleule.

Hasira nayo ina kazi yake, ingawa ndiyo inayolaumiwa zaidi. Watafiti wamewahi kuendesha mchezo wa kugawana fedha katika jamii nyingi, wakiwemo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Waorma wa Kenya. Mtu mmoja hupewa fedha na kupendekeza mgao. Mwenzake akikataa, wote hukosa. Kwa hesabu tupu, hata senti moja ingekubaliwa. Waorma walielekea kutoa karibu nusu. Miongoni mwa Wahadzabe mafungu madogo yalikuwa mengi, na mengi yalikataliwa. Anayekataa kwa hasira hupata hasara leo. Lakini akijulikana kuwa havumilii kupunjwa, kesho atagawiwa kwa haki. Mchumi Robert Frank alilijenga wazo hili mwaka 1988: hasira, aibu na uaminifu huaminika na wengine kwa sababu hazigeuzwi kirahisi kila masilahi yanapobadilika.

Hisia hizi, hata hivyo, zilikomaa katika makundi madogo ya watu wanaofahamiana, na humo ndimo zinamofanya kazi vizuri. Mkulima wa Kalinzi huuza kahawa ya arabika ambayo bei yake hufuata soko la New York. Bei ikianguka kwa sababu mavuno ya Brazil yamekuwa mengi, hasira yake haina uso wa kuielekea, na ni rahisi imwangukie karani wa mzani wa chama cha ushirika. Hasira ilimsaidia kutambua kwamba amepungukiwa. Kujua nani au nini kimempunguzia kunahitaji vitabu vya hesabu vifunguliwe kwenye mkutano wa ushirika.