TEZI ZIKIVIMBA, USISHIKE WEMBE

Ndugu mkazi wa kambi,

Tunapopita nyumba kwa nyumba, akina mama hutuonyesha watoto wenye uvimbe shingoni. Wengine wamekwisha kuchanjwa kwa wembe, wengine wamepakwa dawa za miti. Wako pia watu wazima wanaojifunga kitambaa shingoni kwa kuwaogopa majirani. Tafadhali soma maelezo haya.

TEZI NI NINI?

Tezi ni vifundo vidogo alivyo navyo kila mtu shingoni, chini ya taya, kwapani na kinenani. Kazi yake ni kunasa vijidudu vya magonjwa visienee mwilini. Zinapopigana navyo, huvimba. Tezi ya kinenani ikivimba ndiyo watu huita mtoki.

Basi, kabla ya kuhangaika na tezi, tafuta vijidudu vimeingilia wapi:

- Kinenani: tazama kidonda cha mguu, funza, au ugonjwa wa zinaa.
- Kwapani: tazama kidonda cha mkono au jipu la titi.
- Shingoni: tazama koo, jino bovu, sikio linalotoa usaha, vidonda vya kichwani.

Chanzo kikitibiwa, tezi nayo hunywea polepole.

JE, KAMA HAIUMI?

Wengi huogopa uvimbe unaouma na kudharau usiouma. Tezi isiyouma, inayokua wiki hadi wiki, yaweza kuwa kifua kikuu cha tezi. Ugonjwa huu haukai kifuani tu. Tezi za shingo huvimba, hushikamana, na mwisho huweza kupasuka na kutoa usaha. Mgonjwa huenda asikohoe hata kidogo. Wengine hupata homa, hukonda na hutoka jasho usiku.

Tezi ikizidi wiki mbili bila kupungua, nenda dispensari. Huenda ukavutwa majimaji ya tezi kwa sindano ili yapimwe. Utashauriwa pia kupima VVU, kwa sababu VVU huvimbisha tezi na humfanya mtu apatwe upesi na kifua kikuu. Uvimbe mwingine hautokani na vijidudu kabisa. Ndiyo sababu inafaa kupima, si kukisia.

Kifua kikuu cha tezi kinapona. Kwa kawaida dawa humezwa miezi 6. Katikati ya matibabu tezi huweza kuvimba tena kwa muda. Usiache dawa, rudi kwa mganga.

JE, MGONJWA ATENGWE?

Hapana. Kifua kikuu huenezwa kwa hewa na mwenye ugonjwa mapafuni anapokohoa. Aliye nao kwenye tezi peke yake hamwambukizi mwenzake kwa kula naye wala kulala nyumba moja. Lakini kama yupo nyumbani anayekohoa siku nyingi, naye apimwe. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, maana hata yenyewe huweza kuleta kifua kikuu cha tezi.

KWA NINI TUSIKATE?

Shingoni mna mishipa mikubwa ya damu. Tezi ya kifua kikuu ikichanjwa ovyo huacha kidonda kinachokawia sana kufunga. Na wembe uliotumiwa kwa watu wengi huweza kupitisha VVU na homa ya ini.

NENDA DISPENSARI SIKU HIYOHIYO UKIONA:

1. Mtoto mwenye uvimbe shingoni anashindwa kumeza au kupumua vizuri.
2. Homa kali ya ghafla pamoja na mtoki unaouma sana. Wenzetu waliotoka Ituri wanaijua tauni, inayoletwa na viroboto wa panya. Ikiwahiwa, inatibika, ikicheleweshwa, inaua.
3. Tezi zimevimba pamoja na homa na malengelenge mwilini au sehemu za siri. Huenda ni Mpox, iliyoenea Kongo na Burundi mwaka 2024. Huyu asigusane na wenzake mpaka aonwe na mganga.

Leo jioni, pitisha vidole shingoni mwa watoto wako. Kifundo kidogo kama punje ya haragwe, kinachoteleza chini ya kidole na kisichokua, mara nyingi si ugonjwa. Kikiendelea kukua, mlete mtoto mapema, kabla hakijapasuka.

Ukimaliza kusoma, msomee jirani yako asiyejua kusoma.