Kuwaalika Maafisa wa Meli

Katika meli za matembezi, abiria wengi huandikiana kabla ya safari, na wakisha kupanda hufanya mkutano mdogo wapate kujuana kwa sura. Ni desturi njema kuwaalika maafisa pia: nahodha, mhandisi mkuu, na mkuu wa huduma za abiria. Lakini mwenye kualika yampasa azifahamu kwanza kazi zao.

Maafisa waongozao meli hushika zamu usiku na mchana. Katika meli nyingi zamu huwa ya muda wa saa 4, kisha mapumziko ya saa 8. Aliyekesha tangu saa sita ya usiku hadi saa kumi ya alfajiri huwa amelala abiria wanapokunywa chai ya asubuhi. Usingizi huo si anasa. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006 unaagiza baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, kwa maana uchovu wa mmoja waweza kuwaangamiza wote waliomo.

Basi siku ifaayo ni ile ambayo meli hushinda baharini, wala si siku ya kuingia au kutoka bandarini, ambapo nahodha huwa kazini pamoja na rubani. Barua ipelekwe mapema katika ofisi ya abiria, itaje mahali, saa na idadi ya watu. Mkutano uwe mfupi, na afisa asiletewe manung'uniko ya vyumba na chakula. Asipofika, isidhaniwe kuwa amewadharau. Yamkini yu katika zamu, akiwalinda hao hao waliomwalika.