KUFULI HALIFUNGUKI KAMA KATIKA SINEMA

Wafanyakazi wengi tunapenda sinema. Wazee wetu walingoja gari la sinema lije kambini na kutundika kitambaa cheupe ukutani. Leo tunatazama katika televisheni, katika vibanda vya video na hata katika simu ya mkononi. Hilo si baya, maana baada ya kazi mtu anahitaji burudani. Lakini burudani ikichukuliwa kuwa elimu, na elimu hiyo ikatumiwa kumhukumu mfanyakazi, hapo ni lazima tuichunguze.

Tunataka kuzungumza juu ya kufuli. Karibu kila sinema ya wezi au wapelelezi humwonyesha mtu akifika mbele ya mlango uliofungwa. Anatoa kibanio cha nywele, anakichomeka tunduni, anakizungusha mara mbili, na mlango unafunguka. Sekunde tano zimetosha. Hakuna jasho, hakuna kelele, wala hakuna alama.

Sasa tuje kazini. Wizi ukitokea stooni na kufuli likakutwa zima, husikika maneno ya aina mbili. Wengine husema: "Kufuli halikuvunjwa, basi mwenye ufunguo ndiye mwizi." Wengine husema: "Yule fundi wa gereji ana waya na tupa, kufungua kufuli kwake ni mchezo." Maneno ya kwanza humwangukia karani wa stoo au mlinzi. Maneno ya pili humwangukia fundi. Wote wawili huweza kupoteza kazi, na pengine kulala rumande, kwa maneno ya watu wasiojua kufuli ni kitu gani. Basi na tueleze.

NDANI YA KUFULI

Kufuli nyingi tunazotumia, na vitasa vingi vya milango, vina silinda ndogo ya chuma ambayo ndiyo ufunguo huingia. Juu ya silinda kuna pini kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, mara nyingi nne au tano. Kila pini imekatwa vipande viwili, na juu yake kuna springi inayoisukuma chini. Ufunguo usipokuwamo, pini huingia katika silinda na kuizuia isizunguke.

Ufunguo wake una meno ya vimo mbalimbali. Kila jino huinua pini moja kwa kipimo chake, mpaka pale pini ilipokatwa pawe sawasawa na ukingo wa silinda. Pini zote zikifika hapo kwa wakati mmoja, silinda huzunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua hata kidogo, haizunguki. Mwamerika Linus Yale ndiye aliyepata hati ya kufuli la namna hii mwaka 1861. Lakini wazo la pini zinazoinuliwa ni la zamani sana. Watu wa Misri ya kale walikuwa na makufuli ya mti yaliyofanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

Mtu anayetaka kulichokonoa kufuli bila ufunguo anahitaji vyombo viwili, si kimoja. Chombo cha kwanza huisukuma silinda kidogo kana kwamba inataka kuzunguka. Cha pili huinua pini moja moja. Hakuna kiwanda kinachotoboa matundu yote sawasawa kabisa, kwa hiyo pini moja hukaza kabla ya nyingine. Mchokonoaji huitafuta hiyo, akaiinua mpaka ikae, ndipo akaitafuta ya pili. Akisukuma kwa nguvu mno, zote hukwama. Akilegeza mkono, zote huanguka, naye huanza upya.

Hapo tunaona kosa la kwanza la sinema. Kibanio kimoja cha nywele hakitoshi, kwa sababu hakuna kitu cha kuisukuma silinda. Kosa la pili ni wakati. Fundi hodari akikutana na kufuli la bei rahisi anaweza kulifungua upesi, hilo ni kweli. Lakini kufuli lililotengenezwa vizuri humshika muda mrefu, na pengine humshinda. Katika sinema makufuli yote ni mamoja, na wachokonoaji wote ni mafundi.

Kosa la tatu ni alama. Chuma kikikwaruza chuma huacha mchoro. Fundi wa vitasa akilifungua kufuli na kuzitazama pini kwa kioo cha kukuza, mara nyingi huona mikwaruzo ambayo ufunguo wa kawaida hauiachi. Sinema haionyeshi jambo hili. Na kazini pia, mara nyingi kufuli hutupwa au hurudishwa mlangoni kabla mtu yeyote hajalitazama ndani.

MAJARIBIO YA LONDON, 1851

Mwaka 1851 palikuwa na maonyesho makubwa ya viwanda mjini London. Fundi mmoja kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs, alitangaza kwamba atayafungua makufuli ambayo Waingereza waliyaamini kuliko yote. La kwanza lilikuwa la kampuni ya Chubb. Alilifungua kwa dakika 25 mbele ya mashahidi.

La pili lilikuwa la Bramah. Kampuni hiyo ilikuwa imeliweka dirishani mwa duka lake kwa miaka mingi, pamoja na ahadi ya gini 200 kwa mtu atakayelifungua. Hobbs alilifungua, lakini kazi hiyo ilimchukua saa 51, zikigawanywa katika siku 16. Tukumbuke kwamba huyu alikuwa mmoja wa mafundi hodari kabisa wa wakati wake, mwenye vyombo vyake, ameketi kwa raha, bila hofu ya mlinzi wala mbwa. Saa 51 ni zaidi ya wiki nzima ya kazi kwa wafanyakazi wengi.

Majaribio hayo yanatufundisha mambo mawili kwa pamoja. Hakuna kufuli lisiloweza kufunguliwa. Na kulifungua kufuli zuri ni kazi kama kazi nyingine yoyote: inataka ujuzi, vyombo na saa.

SINEMA ZILIZOKARIBIA UKWELI

Si haki kuzishutumu sinema zote. Mwaka 1955 ilitoka sinema ya Kifaransa iitwayo Rififi, iliyotengenezwa na Jules Dassin. Kwa karibu nusu saa hakuna anayesema neno wala hakuna muziki. Tunawatazama wezi wakifanya kazi tu. Hawaufungui mlango wa duka kwa kibanio. Wanatoboa dari, wanapitisha mwavuli tunduni ili vipande vya plasta visianguke kwa kishindo, kisha wanalikata kasha la fedha kwa upande wa nyuma. Wanatoka jasho na wanachoka. Mtazamaji anaelewa kwamba mwizi aliyejiandaa huanza kwa kutafuta mahali palipo dhaifu, na mara nyingi mahali hapo si kwenye kufuli.

Tutoe mfano mwingine, wa jambo lililotokea kweli. Mwaka 1972 watu waliotumwa kwa siri walikusudia kuingia katika ofisi za chama cha Democratic, katika jengo la Watergate mjini Washington. Miongoni mwao alikuwamo fundi wa vitasa. Mwezi Mei fundi huyo alishindwa na mlango wa ofisi, ikambidi arudi mjini Miami kuchukua vyombo vingine. Fundi wa kazi hiyo, aliyelipiwa safari, alisimama mbele ya mlango wa kawaida wa ofisi akashindwa!

Usiku wa Juni 17 walirudi tena. Ili milango ya chini isijifunge nyuma yao, waliziba ndimi za vitasa kwa utepe wa gundi. Mlinzi wa zamu, Frank Wills, aliuona utepe huo akauondoa. Alipopita tena akaukuta umebandikwa upya, akaita polisi. Watu watano walikamatwa, na kesi iliyofuata ikamfanya Rais Nixon ajiuzulu mwezi Agosti 1974. Sinema ya All the President's Men ya mwaka 1976 inaanza na usiku huo, na Wills mwenyewe anaonekana humo akifanya kazi yake ya ulinzi.

Tunamtaja kwa makusudi. Waliokamatwa walikuwa na fedha, redio na vyombo vya kuchokonolea. Yeye alikuwa mlinzi wa mshahara wa dola 80 kwa wiki, lakini alikuwa na macho na alizunguka zamu yake kama ipasavyo. Alifariki mwaka 2000 akiwa maskini.

FUNGUO ZA MTI ZA PRETORIA

Mfano ulio mkubwa kuliko yote umetoka katika Afrika yetu. Mwezi Juni 1978 vijana wawili, Tim Jenkin na Stephen Lee, walifungwa na serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini kwa kusambaza karatasi za ANC. Mmoja alipewa miaka 12, mwingine miaka 8. Katika jela ya Pretoria walimkuta Alex Moumbaris, naye mfungwa wa siasa. Watatu hao waliamua kutoroka.

Hawakutumia kibanio cha nywele. Jenkin alizitazama kwa macho funguo zilizoning'inia kiunoni mwa askari, akazikadiria meno yake, kisha akazichonga kwa mti katika karakana ya jela. Alizijaribu, akazikwangua, akazijaribu tena. Mlango wa nje wa chumba chake ulikuwa na tundu la ufunguo upande wa nje tu. Basi akatengeneza mtambo wa mpini wa ufagio, akautoa kupitia dirishani ili auzungushe ufunguo akiwa ndani. Waliendelea hivyo, mlango baada ya mlango, kwa mwaka mmoja na nusu. Jioni ya Desemba 11, 1979, walipita milango kumi wakatoka barabarani. Wa mwisho uliwakatalia, wakalazimika kuuvunja penye mwimo.

Jenkin aliandika kitabu, na mwaka 2020 ikatoka sinema iitwayo Escape from Pretoria. Inaonyesha vizuri mti, tupa na hofu. Lakini hata sinema hii imekaza miezi kumi na minane ndani ya muda usiofika saa mbili, na jina la Moumbaris limebadilishwa. Hatuilaumu, kwa kuwa hakuna atakayelipa kiingilio ili atazame mtu akikwangua kipande cha mti mwaka mzima. Ni juu yetu sisi watazamaji kukumbuka kwamba muda umekatwa.

Kuna jambo moja zaidi katika habari hiyo, nalo ndilo linalotuhusu. Wakubwa wa jela walipoiona milango imefunguliwa, hawakuamini kwamba wafungwa wameweza peke yao. Walimkamata askari aliyekuwa zamu usiku ule, wakamshtaki kwamba ndiye aliyewafungulia. Baadaye mahakama ilimwachilia. Hatukuwa marafiki wa askari wa serikali ile. Lakini tazama hukumu yao ya haraka: "Kufuli ni zima, basi aliyekuwa zamu ndiye." Ni maneno yale yale tunayoyasikia kwenye stoo zetu.

TUFANYE NINI

Hatusemi kwamba hakuna mfanyakazi mwizi. Wapo, na wanatuharibia jina. Tunasema kwamba kufuli zima pekee si ushahidi juu ya mwenye ufunguo, na ujuzi wa fundi pekee si ushahidi juu ya fundi. Mjumbe wa chama akiitwa katika shauri la namna hii, na aulize maswali haya:

1. Kufuli lenyewe liko wapi? Liwekwe salama, lisitiwe mafuta wala kurudishwa mlangoni, mpaka fundi wa vitasa asiye wa upande wowote alitazame ndani.

2. Je, mlango wote umetazamwa? Bawaba, pete za kufuli, skrubu, miimo, madirisha na mabati ya paa. Mtu akizitoa skrubu za pete kwa bisibisi na kuzirudisha, kufuli litabaki zima kabisa.

3. Funguo ziko ngapi, na nani anazo? Kuna daftari lenye sahihi? Ufunguo ukiazimwa kwa nusu saa, mchonga funguo wa mjini hutoa nakala yake. Mara nyingi meneja, msaidizi wake na dereva wana nakala ambazo hazitajwi mpaka ziulizwe.

4. Kufuli ni la aina gani? Makufuli ya bei rahisi hutengenezwa kwa funguo za namna chache. Chukueni funguo za makufuli mengine ya aina hiyo mzijaribu mbele ya mashahidi. Moja likifunguka, shauri limebadilika.

5. Mlinzi alilinda eneo kubwa kiasi gani? Akiwa peke yake, bila taa, katika majengo matatu, wakati ambao mwizi anauhitaji alipewa na aliyepunguza walinzi.

Maswali haya hayagharimu fedha. Yaulizwe mapema, kabla ya barua ya kufukuzwa kuandikwa na kabla ya polisi kuitwa, kwa sababu alama zikifutika mfanyakazi hubaki na neno lake tu. Mwajiri mwenye nia njema naye atafaidika: akimfukuza asiye na hatia, mwizi halisi bado yupo, na stoo itafunguliwa tena.

Tuendelee kutazama sinema na kufurahi. Lakini shauri la wizi likija, tulitazame kufuli kwanza, ndipo tumtazame mtu.