Vernita Lee: Mama wa Oprah aliyebeba lawama za kumwacha mwanawe

WENGI wanamfahamu Oprah Winfrey, mtangazaji ambaye kipindi chake kilianza kupeperushwa kote Marekani mnamo Septemba 8, 1986 na kufikia tamati Mei 25, 2011. Ni wachache wanaomfahamu mwanamke aliyemzaa, Vernita Lee, aliyeaga dunia Novemba 22, 2018 jijini Milwaukee, jimbo la Wisconsin, akiwa na umri wa miaka 83.

Hata hao wachache wamemjua kupitia masimulizi ya bintiye, na masimulizi yenyewe si matamu. Wanamjua kama mama aliyemwachia nyanya mtoto mchanga, akaja kumchukua, akampeleka kwa babake, akamrejesha, kisha akamtoa tena. Isitoshe, alimtoa binti mwingine alelewe na watu baki, akaificha siri hiyo kwa zaidi ya miaka 40.

Je, Vernita alikuwa mama asiyejali, au alikuwa mwanamke aliyebanwa na maisha pande zote? Swali hili haliwezi kujibiwa pasipo kuangalia nchi aliyozaliwa na kazi aliyofanya ili kujikimu.

Sheria iliyowaacha mayaya nje

Vernita alizaliwa Mei 2, 1935 na kulelewa karibu na mji mdogo wa Kosciusko, jimbo la Mississippi. Enzi hizo, ubaguzi wa rangi Kusini mwa Marekani ulikuwa umeandikwa katika sheria. Watoto weusi walikuwa na shule zao duni, na kazi zilizowangoja walipokua zilikuwa hasa za shambani au za jikoni mwa Wazungu.

Mwaka huo huo wa 1935, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria iliyoanzisha malipo ya uzeeni kwa wafanyakazi wa Marekani. Hata hivyo, sheria hiyo iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa nyumbani, na hizo ndizo zilizokuwa kazi za watu weusi wengi wa Kusini. Wafanyakazi wa nyumbani walianza kujumuishwa kufuatia marekebisho ya mwaka wa 1950. Nayo haki ya kulipwa mshahara wa kima cha chini hawakuipata hadi 1974, wakati Vernita alipokuwa na umri wa miaka 39.

Januari 29, 1954, akiwa msichana wa miaka 18 ambaye hakuwa ameolewa, Vernita alijifungua Oprah. Baba, Vernon Winfrey, alikuwa jeshini. Mama huyo mchanga hakuwa na elimu ya kutosha wala ujuzi wa kumpatia ajira ya maana. Alichokuwa nacho ni mamake, Hattie Mae, aliyekuwa na shamba na angeweza kumtunza mjukuu.

Kwa hiyo Vernita alifunga safari ya Kaskazini. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Kati ya miaka ya 1910 na 1970, Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliihama Kusini, wakikimbia ubaguzi na kutafuta riziki katika miji kama vile Chicago, Detroit na Milwaukee. Wengi waliwaacha watoto kwa nyanya zao, wakiahidi kuwarudia mambo yatakaponyooka.

Maisha ya Milwaukee

Vernita aliajiriwa kama mfanyakazi wa nyumbani, akisafisha nyumba za watu. Oprah alijiunga naye alipofikisha umri wa miaka 6, na kumkuta mama asiyemfahamu, tena aliyekuwa na mtoto mwingine mdogo. Oprah amesimulia kwamba mwenye nyumba walimokuwa wakiishi hakumpenda kwa sababu ya weusi wake, hivyo akalazimika kulala barazani. Mama hakubisha. Alihitaji paa la kuwafunika.

Kilichofuata ndicho kiini cha lawama. Vernita alitoka alfajiri na kurejea jioni akiwa hoi, na nyumba ikabaki bila mlinzi. Kuanzia umri wa miaka 9, Oprah alinajisiwa na jamaa na watu waliokuwa karibu na familia. Alianza kutoroka nyumbani. Alipokuwa na miaka 14, mamake alimpeleka katika kituo cha kurekebishia tabia za watoto, lakini kikawa kimejaa. Hapo ndipo alipotumwa kwa babake Nashville, jimbo la Tennessee, akiwa na ujauzito ambao mamake hakuujua. Mtoto aliyemzaa alifariki muda mfupi baadaye.

Hakuna maelezo ya umaskini yanayoweza kulifuta jeraha hilo. Lakini ni vyema kukumbuka kwamba mama huyo alikuwa akilea peke yake kwa kazi ambayo haikumlinda kisheria, na ambayo ilimtaka kutunza nyumba za wengine saa ambazo yake ilimhitaji.

Siri ya mwaka wa 1963

Mnamo 1963, Oprah akiwa kwa babake, Vernita alijifungua binti na kumtoa alelewe na familia nyingine. Watoto wenzake hawakuambiwa. Binti huyo alipomtambua mama mzazi miaka mingi baadaye, Vernita alikataa kukutana naye. Oprah alipata habari hizo mwaka wa 2010 na kuzitangaza katika kipindi chake Januari 2011.

Sababu aliyoitoa Vernita ilikuwa fupi: kwamba alikuwa akitegemea msaada wa serikali, na akaona hangeweza kujinasua akiongeza mtoto mwingine. Wanaojua jinsi msaada huo ulivyoendeshwa wataelewa. Katika miaka hiyo, mama aliyepata kibarua alipunguziwa msaada kwa kiasi kilichokaribia chote alichochuma, hivyo jasho lake halikumwongezea kitu. Oprah alimwambia mamake kwamba wakati ulikuwa umewadia wa kuitua aibu hiyo.

Shukrani za mwisho

Januari 2018, Oprah alipopokea tuzo ya Cecil B. DeMille katika hafla ya Golden Globes, alikumbuka siku moja ya mwaka wa 1964. Alikuwa ameketi sakafuni nyumbani kwa mamake Milwaukee, akimtazama mwigizaji Sidney Poitier akishinda tuzo ya Oscar. Mama aliingia mlangoni akiwa amechoka hadi mifupani kwa kusafisha nyumba za watu. Katika usiku huo wa fahari, uchovu wa Vernita ulitajwa mbele ya dunia nzima.

Miezi kumi baadaye, Vernita aliaga dunia. Oprah alieleza kwamba katika siku za mwisho alikaa kando ya mamake bila kujua la kusema. Hatimaye alimshukuru kwa kutomtupa, kwa kuwa msichana wa Mississippi asiye na elimu wala kazi angeshauriwa na wengi asimlee mtoto huyo.

Kwa msomaji wa Kenya, kisa hiki si kigeni. Wapo akina mama wengi waliowaachia nyanya watoto kijijini na kwenda kuwa mayaya Nairobi, Mombasa au nchi za Ghuba, wakilea watoto wa wengine ili wao walipe karo ya wao. Huwa wanaporudi wanamkuta mtoto anayewaita kwa jina, na anayemwita nyanya 'mama'. Si kila mtoto wa aina hiyo atakuwa Oprah, wala si kila mmoja atapata nafasi ya kuketi kando ya kitanda cha mzazi na kumuuliza kilichomfanya aondoke.